Daftari la vipigo: msimu wa poka Busia

Jumamosi, 5 Aprili, mchana

Nimenunua daftari la kurasa 96 na kulipiga mistari ya safu sita. Mradi ni huu: kila nitakapotolewa kwenye shindano letu la poka, au kupigwa kipigo cha kunitikisa, niandike tarehe, karata zangu, karata za mwenzangu, nafasi yangu ya kushinda ilikuwa asilimia ngapi pale tokeni zangu (vidude vya kuhesabia tunavyochezea) zilipoingia, nilibaki na kiasi gani, na kabla ya hapo nilikuwa nimefanya nini.

Msimu uliopita nilimaliza wa tisa kati ya watu kumi na wawili. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Bahati mbaya tu." Nataka kujua kama nilikuwa nasema kweli.

Kwa asiyetujua: tunakutana kwa Shemeji, Busia upande wa Uganda, kila Jumamosi saa kumi jioni. Yupo Afande mstaafu, yupo Mwalimu wa hesabu, yupo Mama mwenye mgahawa, tupo mawakala wa forodha watatu, na siku nyingine huketi dereva wa lori anayesubiri karatasi zake zitoke. Mezani kuna Msamia, Mteso, Mnubi na mtu wa Mombasa, kwa hiyo lugha ni Kiswahili. Pesa haiwekwi mezani. Kila mtu huchangia shilingi 5,000 za chakula, na siku ya kwanza ya msimu tulichangishana mbuzi. Wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 6, wa tatu 4, wengine sifuri. Mwenye pointi nyingi mwisho wa msimu anaondoka na mbuzi. Hata bila pesa hatumpokei aliye chini ya miaka 25, umri uliowekwa na sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016. Hilo tulikubaliana mapema na halina mjadala.

Kila mgao mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa wote: tatu pamoja, halafu moja, halafu moja. Mwenye mkono bora wa karata tano anashinda. Kufuata ni kulipa dau la mwenzako, kupandisha ni kuliongeza, kutupa ni kuuacha mgao. Kila mmoja huanza na tokeni 5,000, na blaindi, yaani dau ambalo watu wawili hulazimika kuweka kila mgao, mmoja ndogo na mwingine kubwa, hupanda kila dakika 20.

Usiku uleule

Daftari limeanza kazi siku ya kwanza. Nilipata wafalme wawili, Afande akapata 8 mbili, tukasukuma tokeni zote katikati kabla ya karata yoyote kufunuliwa mezani. Zikaja 3, 10 na 5. Kisha malkia. Kisha kwenye karata ya tano, ile tunayoiita riva, ikateremka 8 ya pau.

Niliandika 95 kwenye safu ya asilimia. Hesabu niliijua: kabla ya riva kulikuwa na karata 44 ambazo hatujaziona, na Afande aliokolewa na mbili tu, yaani asilimia 4 na nusu. Mwalimu akachungulia daftari, akauliza, "Kaka, tokeni zako ziliingia lini?"

Ziliingia mwanzo kabisa. Na mwanzo, wafalme wawili dhidi ya 8 mbili ni kama asilimia 80. Nimeifuta 95 na kuandika 80. Ile 95 ilikuwa kiasi cha maumivu yangu, kwa sababu macho yalishaanza kuhesabu ushindi, ila uamuzi niliufanya nikiwa na 80. Jambo la 95 hushindwa mara moja katika ishirini. La 80 hushindwa mara moja katika tano, na kwenye meza ya watu kumi na wawili lazima limpate mtu karibu kila Jumamosi. Leo lilinipata mimi.

Kosa la kabla: hakuna. Ningepewa karata zilezile kesho ningesukuma tena.

12 Aprili

Nimetolewa nikiwa na ree (karata kubwa kuliko zote) na ghulamu dhidi ya 4 mbili za Mama. Asilimia 46. Mezani hapakuja kitu cha kunisaidia.

Nilitaka kuandika "bahati" na kufunga, lakini safu ya sita ilinisubiri. Saa moja kabla ya hapo nilikuwa na tokeni 4,400 na blaindi kubwa ilikuwa 200, yaani nilikuwa na blaindi 22. Nikakaa nikitupa karata, nikisubiri kitu kizuri. Blaindi zikawa zinanila polepole na huku zinapanda. Niliposukuma nilikuwa na 2,400, na blaindi kubwa imefika 400. Blaindi sita. Hata ningeshinda ningefika kumi na mbili na ushee, bado mtu wa kuomba. Mama hakunitoa, alifunga mlango ambao nilikuwa nimeutokea saa nzima, hatua moja moja.

19 Aprili

Huu nauandika kirefu kwa sababu nimeurudia kichwani njia nzima kutoka kwa Shemeji hadi nyumbani.

Nilishika ree ya shupaza na mfalme wa uru. Dereva alifuata. Rundo la katikati likawa tokeni 1,200. Zikafunuliwa ree ya kopa, mfalme wa kopa na 7 ya pau. Nimepata jozi mbili, tena zile kubwa kuliko zote. Moyo ulidunda na nikaogopa kitu kimoja tu, kwamba dereva atatupa karata zake asinilipe. Basi nikaweka 200. Nilimbembeleza abaki.

Alibaki. Karata ya nne: 4 ya kopa. Dereva akasukuma zote bila kuvuta pumzi, nami nikafuata bila kufikiri, maana jozi mbili kubwa hazitupwi. Akafunua malkia na 9 za kopa. Kopa tano, nazo hushinda jozi mbili. Riva ikaja 2 ya uru na nikasimama.

Daftarini niliandika "bahati mbaya, kopa imeshuka". Leo Jumapili asubuhi nimeketi na Mwalimu na hii ndiyo hesabu yake. Nilipoweka 200, rundo lilifika 1,400. Dereva alitakiwa kulipa 200 ili agombee jumla ya 1,600, yaani alinunua kwa asilimia 12 na nusu. Karata za kumkamilishia kopa tano zilikuwa 9 kati ya 45, sawa na asilimia 20. Nimemwuzia kitu cha 20 kwa bei ya 12 na nusu. Mfanyabiashara yeyote hapa mpakani angekinunua. Ningeweka 800, angelipa 800 kugombea 2,800, karibu asilimia 29, na hapo kufuata kungekuwa kosa lake.

Halafu kosa la pili. Tokeni zangu nyingi ziliingia baada ya kopa ya tatu kushuka mezani. Wakati huo kilichoweza kuniokoa ni ree mbili na wafalme wawili waliobaki, karata 4 kati ya 44. Asilimia 9. Kwa hiyo kwenye safu ya asilimia nimeandika 9, na mkono ulikuwa mzito kuiandika, kwa sababu kichwani mwangu hadi jana usiku nilikuwa mtu aliyedhulumiwa.

26 Aprili

Mvua, umeme ukakatika saa moja kasoro. Tumecheza kidogo kwa taa ya simu na kuacha. Mukene (dagaa) wa Majanji ulikuwa mtamu. Hakuna cha kuandika.

3 Mei

Kipigo cha leo hakikunitoa. Malkia wawili dhidi ya ree na 10, tokeni zimeingia nikiwa na asilimia 70 na kitu, ree ikashuka. Nimepoteza 2,200 na kubaki na 3,800. Hiyo ni akiba ya kutosha kabisa.

Mgao uliofuata nilipandisha kwa ghulamu na 6. Baada ya huo nilifuata kwa 9 na 5 kwa sababu tu aliyepandisha ni yule aliyenipiga. Robo saa haikuisha nikawa nimepoteza 3,000. Kipigo chenyewe kilinila 2,200. Hasira yangu ikala zaidi ya hapo.

Nimeongeza safu ya saba, nyembamba, pembeni kabisa: mgao uliofuata. Nikapitia na kumbukumbu za majuma yaliyopita, nikawauliza na wenzangu. Kaka mmoja wa forodha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: wakiniona nimepigwa, husubiri dakika kumi ndipo waniingie. Wanajua nitafuata na chochote.

Dawa niliyoichagua ni ya miguu. Nikipigwa, nainuka. Naenda kwenye jiko la mkaa, namsaidia Shemeji kugeuza chapati, nakunywa chai, narudi blaindi zikiwa zimezunguka meza mara moja. Gharama ya mzunguko mmoja ni blaindi kubwa moja na ndogo moja, sawa na blaindi kubwa moja na nusu. Kwa mwenye blaindi 20 hiyo ni bei rahisi mno kulinganisha na 3,000. Mwenye blaindi 6 hawezi kuilipa, na huyo itabidi avumilie akiwa kitini.

10 Mei

Shemeji ameniuliza swali na nimekosa jibu. "Unaandika ulivyopigwa. Siku ile uliyonitoa mimi kwa 7 na 2, umeiandika wapi?"

Sijaiandika popote. Nilikuwa na blaindi tatu, nikasukuma kwa kukata tamaa, naye alikuwa na ree na 7. Ikashuka 2, na nyingine. Nafasi yangu ilikuwa ndogo kabisa. Usiku ule nililala vizuri na asubuhi nikawa nimeusahau mgao wenyewe.

Maana yake daftari langu lina kasoro tangu ukurasa wa kwanza. Mtu anayeandika hasara tu atajikuta ana hasara tu. Kuanzia leo naandika kila mara nitakaposukuma zote na karata zikafunuliwa, nishinde au nishindwe, pamoja na asilimia yangu. Zile za nyuma siwezi kuzirudisha, kwa hiyo hesabu kubwa inaanzia hapa.

24 Mei

Tumebaki wanne. Wa nne hapati kitu. Mwenye tokeni nyingi alikuwa Afande, 30,000. Mimi 18,000. Mwalimu 9,000. Mama 3,000, amebanwa kabisa. Afande akasukuma zote. Nikaangalia karata zangu: ree na malkia. Nikafuata. Yeye ana mfalme na ghulamu za shupaza. Karibu 60 kwa 40 upande wangu. Ghulamu ikaja kwenye karata tatu za kwanza na nimeondoka wa nne, pointi sifuri, Mama akibaki na tokeni zake 3,000 na pointi 4 mkononi.

Nilikuwa na 60, nimepigwa na 40, sasa kosa liko wapi? Nilibishana na Mwalimu hadi chai ikapoa.

Alichukua karatasi akapiga hesabu inayoitwa ICM, ile ya kugeuza tokeni za kila mtu kuwa sehemu yake ya zawadi. Tukiziacha blaindi kando, nilipokuwa nimeketi na 18,000 nafasi yangu ilikuwa na thamani ya pointi kama 6.3. Ningeshinda nikafika 36,000, thamani ingepanda hadi 8.1. Ningeshindwa, sifuri. Tokeni zinajirudufu, lakini pointi zinatoka 6.3 kwenda 8.1 tu. Sasa chukua asilimia 60 ya 8.1: ni 4.9. Nilikuwa na 6.3 mkononi nikaibadilisha kwa 4.9. Ili kufuata kuwe sawa nilihitaji nafasi ya asilimia 77 au zaidi. Dhidi ya mtu anayesukuma karata zozote zile, nafasi hiyo unaipata ukiwa na ghulamu wawili kwenda juu. Hata 10 mbili hazifiki, na ree na mfalme ndiyo kabisa.

Nimeisoma karatasi hiyo mara tatu. Mwaka mzima nimekuwa nikidhani ukiwa mbele kwa karata umefanya sawa. Afande alilijua jambo hili bila karatasi. Alinisukumia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na cha kupoteza.

7 Juni

Jana ilikuwa Idd, leo hatuchezi. Nimekwenda kumsalimia Babu na kumkuta chini ya mwembe na ubao wake wa omweso, mashimo 32, kete 64. Nikamweleza kuhusu daftari. Alisikiliza, akasema, "Mjukuu wangu, hapa nikifungwa najua kete zangu zilikwendaje, maana zote naziona." Ni kweli. Kwenye omweso hakuna kilichofunikwa, kwa hiyo kila hasara ina mwenyewe. Nimekulia kwenye ubao huo, na nadhani ndiyo sababu hasara ya karata inanichoma namna hii: nimezoea kwamba aliyefungwa amekosea, na nikijua sikukosea natafuta mtu wa kumlaumu.

Jioni Mwalimu amenitumia maelezo ya mgao mmoja maarufu wa mashindano ya dunia ya poka, Las Vegas, 2003. Wamebaki kumi na wa kumi hafiki meza ya mwisho. Phil Ivey ana 9 mbili, Chris Moneymaker ana ree na malkia. Mezani malkia, malkia, 6. Karata ya nne ni 9, na Ivey sasa ana 9 tatu na malkia wawili, mkono unaowapita malkia watatu wa Moneymaker. Tokeni zote zinaingia. Moneymaker anaokolewa na ree tatu, malkia mmoja na 6 tatu: karata 7 kati ya 44, asilimia 16. Riva, ree. Ivey akatoka wa kumi. Moneymaker, mhasibu aliyepata nafasi yake kupitia shindano dogo la intaneti la dola 86, akawashinda wengine wote 838 na kuondoka na dola milioni 2.5.

Mimi nimemwangalia yule aliyetolewa. Nikimpigia mistari ya daftari langu: asilimia 84, tokeni zimeingia akiwa mbele. Safu ya saba yake ndiyo ndefu, maana ameendelea kucheza na kufikia 2024 alikuwa na bangili 11 za ushindi katika mashindano hayo.

21 Juni

Fupi, ila muhimu kwangu. Ukiingia na asilimia 80 mara tano kwa usiku mmoja, nafasi ya kushinda zote tano ni asilimia 33. Theluthi moja. Kwa hiyo mtu anayesukuma zote mara tano dhidi ya watu wenye tokeni nyingi kuliko yeye atatolewa mara mbili katika tatu hata akiwa mbele kila mara. Aliye na rundo kubwa la tokeni akipigwa anabaki mezani; mwenye dogo anachukua koti lake. Nimepitia vipigo vyote vilivyonitoa: mara nyingi mno mimi ndiye mwenye rundo dogo, na sababu yake ni zile saa za kutupa karata nikisubiri, kama ile ya 12 Aprili. Siku hizi napandisha mapema zaidi, nikiwa bado na blaindi 20 na watu wananiheshimu. Wengi hutupa, na mgao ambao wote wametupa hauna riva.

5 Julai

Nimepigwa na Mama, ree na mfalme dhidi ya ree na malkia, malkia ameshuka. Nimebaki na 4,100. Nimeinuka, nimegeuza chapati tatu, nimerudi. Safu ya saba: nimetupa. Uliofuata: nimetupa. Uliofuata tena: nimepandisha kwa 9 mbili na wote wakatupa. Nimemaliza wa pili.

Yule kaka wa forodha alisubiri dakika zake kumi, akaniingia, akakuta nina wafalme.

12 Julai, mwisho wa msimu

Hesabu kwanza, kabla ya mchezo. Tangu 10 Mei nimesukuma au kufuata kwa tokeni zote mara 24 na karata zikafunuliwa. Nimejumlisha asilimia zote 24, nikapata 1,310. Gawa kwa 100: nilistahili kushinda migao 13 na kidogo. Nimeshinda 12.

Mgao mmoja. Majuma tisa ya kuguna, na bahati mbaya yote ikipimwa kwa ratili inafika mgao mmoja. Mwalimu ananiambia hata huo nisiuhesabu, kwamba kwa majaribio 24 kupungua au kuzidi kwa migao miwili ni jambo la kawaida kabisa. Na nikiangalia vipigo vilivyonitoa tangu Aprili, kwenye safu ya kosa la kabla neno "hakuna" limo mara nne tu. Vingine vyote vina maneno: nimengoja mno, nimeuza karata rahisi, nimefuata kwa hasira, nimesahau kuna zawadi.

Usiku

Tulibaki watatu. Mama alisukuma, nami nikafunua ree mbili, nikafuata. Yeye ana wafalme wawili. Asilimia 82. Mfalme alishuka karata ya pili mezani, na hakuna kilichokuja nyuma yake. Mama alikuwa na tokeni nyingi kunizidi kidogo, kwa hiyo nimetoka wa tatu.

Nilivuta daftari palepale nikatafuta kosa. Nilirudi nyuma saa nzima: nilipandisha wapi, nilitupa nini, kwa nini alikuwa na tokeni nyingi kuliko mimi. Sikuliona. Nimeandika "hakuna", la tano.

Mbuzi amekwenda kwa Mama. Nimemshikia tochi wakati dereva wa boda anamfunga kwenye kiti cha nyuma, miguu miwili miwili, mbuzi akilalamika na Mama akimpapasa kichwa. Afande alikuwa bado ndani, ameketi na daftari jipya ambalo hajalifungua. Ananitaka nimpigie mistari, safu saba, na ile ya mwisho niifanye pana kuliko yangu.